Ukuta Uliojengwa na Wasio na Mikono

Ukitoka Mombasa mjini, ukavuka daraja la Nyali na kushika njia ya Malindi, huchukui muda kufika Bamburi, na hapo utauona msitu wa mivinje umeinamiana kama wazee wanaonong'onezana barazani. Hiyo ndiyo Haller Park. Wengi huja hapa kuwalisha twiga kwa viganja vyao, wasikie ule ulimi mrefu ukipapasa, na wala siwalaumu, kwani twiga naye ni ajabu tosha. Lakini leo, ndugu msomaji, nakuomba tumwache twiga na malisho yake, tusimame pamoja mbele ya ukuta.

Naam, ukuta wa timbo, ule uliobaki pale wachimbaji walipokoma. Kwa mbali hauna sura ya kukuita: weupe wake umekwajuka ukawa kijivu, na mizizi imeuteremkia kama kamba za ndoo kisimani. Basi usogelee, uutazame kwa utuvu, kama msomaji aliyeinamia maandishi madogo. Kumbe ulichodhani ni jiwe tupu ni bustani iliyoganda! Nyota kwa maelfu zimepangwa ubavuni mwake, nyingine ndogo kama punje za mtama, nyingine pana kama vifungo vya shati, zikigusana bila kusongamana, mithili ya matundu ya kofia ya Lamu iliyoshonwa na fundi asiyekosea sindano. Hapa pana ganda la chaza limelala chali. Pale pana tumbawe lililojikunja na kujikunjua kama ubongo.

Miaka takriban 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo kwa mita kadhaa, na hapa tulipokanyaga samaki walikuwa wakipishana. Kila nyota unayoiona ilikuwa kiti cha kiumbe kimoja, laini kama ute, kisicho mfupa wala mkono wala jicho. Kazi kiliyopewa ilikuwa kuchota chokaa iliyoyeyuka katika maji, kujijengea kikombe cha kukalia, kisha kufa na kumwachia mwenzake mahali pa kuanzia. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba; lakini tazama kibaba hiki, kilichojaa hata kikawa pwani nzima, nacho kimejazwa na wasiojua kwamba wanajaza! Bahari iliporudi nyuma, kazi yao ikaachwa juani, ikakauka, ikawa nchi kavu.

Nasi tumekuwa wageni wa viumbe hao tangu zamani. Magofu ya Gedi ni mawe yao. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imeketi juu ya mwamba wao na imeinuliwa kwa mawe yao. Chokaa iliyoshika kuta za mababu zetu ilipatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo, na mafundi walipotaka nakshi ya mihrabu au zidaka za ukutani, walilitoa tumbawe baharini likiwa bado laini, wakalichonga kabla halijawa gumu. Nikiuona ukuta wa nyumba ya kale, siku hizi huona nyumba mbili: ya watu, na ile ya kwanza iliyomo ndani yake.

Kisha ikaja saruji. Kuanzia mwaka 1954 kiwanda kiliula mwamba huu, na bandu bandu huisha gogo: palibaki sakafu nyeupe ya mawe, yenye kuunguza macho, na maji ya chumvichumvi chini kidogo tu. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti juu ya uchi huo. Kati ya aina 26 alizojaribu, zilistahimili tatu: mvinje, mnazi na mdamas. Mvinje ulikuwa na siri mizizini, kwani humo umewahifadhi bakteria wanaoichukua hewa na kuigeuza kuwa chakula chake. Hata hivyo majani yake yaliyodondoka yalikaa tu chini, makavu, yenye ukakasi uliowashinda vijidudu wa kawaida wa kuozesha. Msitu ulikuwa na kivuli, lakini haukuwa na udongo.

Ndipo wakaletwa jongoo. Nakusihi usipite upesi hapa, maana ndipo moyo wangu unapotulia zaidi. Jongoo yule mweusi mwenye miguu myekundu, ambaye mtoto akimgusa hujikunja kama pete, aliyatafuna majani yale magumu, na kinyesi chake kikawa rutuba, na rutuba ikawa udongo, na udongo ukapokea mbegu zilizoletwa na upepo na ndege. Nilichota gao moja la udongo huo, mweusi, mwororo, wenye harufu ya mvua ya masika. Chini yake kidole changu kiligonga jiwe, na jiwe lile lilikuwa na nyota.

Siku hiyo walikuwapo wanafunzi pamoja na mwalimu wao. Wengi walikwenda mbio kwa viboko. Binti mmoja alibaki ukutani, akapitisha mkono juu ya nyota zile mpaka akaipata iliyo pana, akatia ncha ya kidole chake cha mwisho, ikaenea sawasawa. Akakaa vivyo hivyo, hakukitoa, mpaka alipoitwa mara ya pili.