Je, Kukumbuka Ni Kukataa Kusamehe?

Somo: Yoshua 4:1–7

Wapendwa, mtu akitunza picha za zamani zenye uchungu, je, amekataa kusonga mbele? Kuna wanaosema, "Hizo picha choma tu, yaliyopita si ndwele." Hebu tulipime neno hilo kwa kijiji kimoja cha wachimba makaa ya mawe.

Kijiji ni Aberfan, kule Wales. Ijumaa tarehe 21 Oktoba 1966, saa tatu na robo hivi asubuhi, watoto wa shule ya msingi ya Pantglas walikuwa ndio wameingia darasani. Juu mlimani, mgodi ulikuwa umerundika taka zake mahali penye chemchemi. Rundo likalainika kwa maji, likaporomoka, likafunika shule na nyumba za jirani. Watu 144 walikufa, na 116 kati yao walikuwa watoto.

Sasa fikiria picha ya darasa iliyopigwa kabla ya siku hiyo. Aliyekufa amesimama bega kwa bega na aliyepona. Picha ni moja, lakini nyumba moja inaiangalia kwa shukrani, nyingine haiwezi kuiangalia kabisa. Itunzwe kwa ajili ya nani?

Kwanza, kwa ajili ya waliokufa. 116 ni hesabu, na hesabu haina sura. Siku vifo vilipochunguzwa, baba mmoja alidai iandikwe kwamba mtoto wake alizikwa hai na Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe. Hakutaka mwanawe apotee ndani ya maneno ya daktari. Picha nayo inadai hivyo hivyo: huyu ni nani, na ni mtoto wa nani?

Pili, kwa ajili ya ukweli. Mwaka 1967 tume ya uchunguzi iliilaumu Bodi hiyo. Hata hivyo, pauni 150,000 zilitolewa kwenye mfuko wa michango ya wafiwa ili kuondoa marundo yaliyobaki. Zilirudishwa 1997, tena bila riba. Kama watu wangesahau, nani angezidai? Kusamehe si kujifanya hakuna kilichotokea. Unasamehe jambo unalolijua. Lililosahaulika halijasamehewa, limepotea tu.

Tatu, kwa ajili ya waliopona. Baadhi yao wamesimulia kwamba waliogopa kucheza nje, wasije wakawaumiza wazazi waliofiwa. Kumbe kumbukumbu inaweza kumlemea mtoto! Kwa hivyo kutunza kuna adabu yake. Usimlazimishe mama kutundika ukutani picha inayomchoma moyo, na usiichome ati kwa sababu wewe umechoka kuiona. Kuiweka sandukuni pia ni kutunza. Siku akiwa tayari, ataikuta.

Yale mawe 12 ya Yordani yaliwekwa ili watoto waulize, wazazi wajibu. Hayakuwekwa ili watu warudi kukaa mtoni. Hicho ndicho kipimo: kumbukumbu yako inakufanya useme ukweli na kuwahurumia wengine, ama inakufunga pale pale?

Wiki hii, toa ile picha ya shule iliyo chini ya kabati. Muulize nyanya yule wa mstari wa pili ni nani. Andika majina nyuma yake kwa penseli, polepole. Wanaojua majina hayo wanapungua kila mwaka, na picha yenyewe haiwezi kuyasema.