MAMA MWILU MARIE, ALIYEBAKI NKAMBA

Somo: 2 Timotheo 1:5



Mtume Paulo anamwandikia Timotheo, kijana anayemhesabu kama mtoto wake, na anamkumbusha imani aliyo nayo ilianzia wapi. Anataja watu wawili tu: Loisi, nyanya yake, ndiye nkambo kama tunavyosema huku Katanga, na Eunike, mama yake. Baba hatajwi. Katika Matendo 16 tunaambiwa kwamba alikuwa Myunani, na hata huko jina lake halikuandikwa. Wahubiri wengi huupita mstari huu haraka, maana hakuna muujiza ndani yake, ni majina mawili ya wanawake tu. Sisi tutakaa hapo, kwa sababu ya siku ya 27 Aprili, siku tunayokumbuka kulala kwa Mama Mwilu Marie katika mwaka 1959.

Jina lake tunalijua tangu utoto. Maisha yake tunayajua kidogo kuliko jina.

Alibatizwa pamoja na bwana wake mwaka 1915, katika misioni ya Wabatisti ya Ngombe Lutete. Tarehe 6 Aprili 1921, huko Ngombe Kinsuka, Tata Simon Kimbangu alimwekea mikono mwanamke mgonjwa, naye akapona. Kazi ile ya wazi ilidumu miezi mitano. Mwezi wa Juni askari walifika Nkamba wakapora kijiji. Mwezi wa Septemba Tata mwenyewe alirudi akajitoa mikononi mwao. Tarehe 3 Oktoba, huko Thysville, ndiyo Mbanza-Ngungu ya leo, mahakama ya kijeshi ilimhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme Albert wa Ubelgiji akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha, na Tata akapelekwa gerezani Elisabethville.

Hayo tunayahubiri kila mwaka, na ni haki yayahubiriwe. Lakini tuulize jambo moja. Askari walipoondoka na Tata, nyumbani alibaki nani?

Alibaki mama mmoja. Alikuwa amezaa wana watatu: Kisolokele wa miaka 7, Dialungana wa miaka 5, na Diangienda wa miaka 3. Tena mkubwa hakubaki naye. Kisolokele alichukuliwa pamoja na baba yake, baadaye akawekwa katika shule ya koloni huko Boma. Baadaye Diangienda naye akapelekwa huko huko Boma. Wamama mnaosoma maneno haya mnajua maana yake bila sisi kuwaeleza. Walewale waliomfunga bwana wake ndio waliowalisha watoto wake na kuwafundisha kusoma, na yeye hakuwa na sauti ya kusema ndiyo wala hapana.

Hali yake haikuwa na jina. Hakuwa mjane, maana bwana wake alikuwa hai. Hakuwa mke aliyeachwa. Wala hakuwa kama wale ambao bwana amekwenda kutafuta kazi mbali na atarudi na mshahara. Kati ya Nkamba na Elisabethville, ukipima kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 1500. Miaka 30 alikuwa mke wa mtu ambaye hakukaa naye tena katika nyumba moja. Kwa desturi ya Bakongo watoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu yao. Kwa hiyo njia ya kurudi kwao ilikuwepo, tena yenye heshima, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakuifuata. Alibaki pale ambapo macho ya serikali yalikuwa juu yake kila siku.

Na hakubaki kwa kulia tu. Tumezoea kusikia kwamba Mama Mwilu "alichunga" kazi ya bwana wake, kama mtu anayechunga nguo mpaka mwenyewe arudi. Neno hilo linatuonekana dogo mno. Waaminifu walimfikia kwa siri, aliwapokea, aliwatia moyo, aliwaunganisha wale waliotawanyika. Kanisa lilikatazwa, maombi yalikatazwa, na katika miaka hiyo Mama ndiye aliyeongoza. Tuseme hivyo waziwazi: aliongoza.

Tusisahau pia kwamba sisi wa Kiswahili tuna deni kwake. Serikali ya wakoloni iliwaondoa waaminifu kwa nguvu katika nchi ya Bas-Congo na kuwatupa mbali. Kanisa letu linahesabu jamaa 37,000. Wengine walipelekwa Oshwe, wengine Kasaji, wengine Lowa ng'ambo ya msitu. Wakoloni walidhani wanazima moto. Walikuwa wanabeba makaa na kuyatia katika kila jimbo, na ndivyo habari ya Tata Simon Kimbangu ilivyofika kwa watu wa huku ambao hawakujua hata neno moja la Kikongo. Watu hao waliohamishwa walihitaji kujua kwamba Nkamba bado kuna mtu. Mtu huyo alikuwa yeye.

Katika 2 Samweli 21 kuna mama aitwaye Rispa. Wana wake wawili waliuawa pamoja na wengine watano, na maiti zao zikaachwa mlimani. Rispa akatandika gunia juu ya mwamba, akakaa hapo tangu mavuno mpaka mvua ikanyesha, akifukuza ndege mchana na wanyama usiku. Hakuwa na nguvu ya kuwarudisha wana wake, wala ruhusa ya kuwazika. Alikuwa na gunia tu. Mwishoni habari zake zikamfikia Daudi, na mfalme akaagiza mifupa ikusanywe na kuzikwa kwa heshima.

Mama Mwilu naye alikaa juu ya mwamba wake. Lakini kuna tofauti, na tusiifunike kwa haleluya. Tata alilala gerezani tarehe 12 Oktoba 1951. Serikali ilitambua Kanisa tarehe 24 Desemba 1959, na mwili wa Tata ulirudishwa Nkamba mwezi wa Aprili 1960. Mama alikuwa amekwisha kulala. Miezi minane tu, na angelisikia Kanisa limepewa uhuru. Karibu mwaka mmoja tu, na angelipokea mifupa ya bwana wake. Rispa aliona maziko. Mama Mwilu hakuona. Waebrania 11 inasema habari za watu waliokufa wakiwa wameiona ahadi kwa mbali tu, nasi tunamweka kati yao.

Lakini jambo moja alipewa kuliona. Siku ileile ya 12 Oktoba 1951, mjukuu alizaliwa katika nyumba ya Dialungana, akaitwa Simon Kimbangu Kiangani. Mama mmoja akawa mjane na nkambo wa mtoto mwenye jina la mumewe katika siku moja. Mtoto yule ndiye anayeongoza Kanisa tangu mwaka 2001. (Yaliyotokea baadaye kati ya wajukuu, kila mmoja anayajua, si mahali pake hapa.) Na wale wana watatu waliokua bila baba ndio waliosimamisha Kanisa, Diangienda akiwa kiongozi wake mpaka alipolala mwaka 1992.

Sasa tutazame mabenchi yetu. Kati ya wamama wanaofagia hekalu siku ya Jumamosi, ni wangapi wanaolea peke yao? Bwana mmoja alikwenda Kolwezi kuchimba, akaoa huko. Mwingine alichukuliwa na vita, na hakuna anayejua kaburi lake. Tena kuna wankambo, wenye miaka 60 na 70, ambao binti amekufa na kuwaachia watoto wanne, na wanauza ndizi kando ya barabara ili kupata minervali ya sekondari. Wengi wao, kama Mama Mwilu, hali yao haina jina. Ofisi huwauliza: wewe ni mjane? Karatasi ya kifo iko wapi?

Na kanisani je? Wako wazee wanaoinama mbele ya picha ya Mama Mwilu, halafu mama anayelea peke yake akija kwao, swali la kwanza ni: "Baba ya hawa watoto ni nani?" Watajibu kwamba Mama Mwilu alikuwa mke halali wa nabii, na huyu alizaa bila ndoa. Amri ya Kanisa juu ya ndoa tunaijua, na haibadiliki. Lakini soma Mwanzo 21. Hagari hakuwa mke wa nyumba. Alifukuzwa na mtoto, mkate na kiriba cha maji. Maji yalipokwisha akamlaza mtoto chini ya kijiti, akakaa mbali asimwone akifa. Mungu hakuanza kwa kumhoji habari za ndoa. Alisikia sauti ya mtoto, akamfungua mama macho, naye akaona kisima. Upendo umetangulia Amri katika yale maneno matatu ya Kanisa letu, na Kazi inafuata; hatudhani mpango huo uliwekwa bila sababu.

Kwa hiyo tunawaomba wachungaji na madiakoni wa kila parokia jambo jepesi. Kabla ya 27 Aprili, andikeni majina ya wamama na wankambo wote wanaolea peke yao, pamoja na hesabu ya watoto na darasa la kila mmoja. Sehemu ya nsinsani ya siku hiyo ilipe minervali ya watoto hao, na malipo yafanyike shuleni moja kwa moja. Wamama wenyewe wasiachwe jikoni kupika chakula cha wageni, kama tulivyozoea kuona. Mmoja wao aitwe mbele, asome 2 Timotheo 1:5 kwa sauti yake, na watoto anaowalea wasimame pamoja naye anaposoma.