Kuanguka kwa Uhuru

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, ilirushwa roketi kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani ya kupima miale ya eksrei itokayo mbinguni, na kwa heshima ya siku ile chombo kikapewa jina la Uhuru. Jina zuri, lakini ndani yake mna suala analokutana nalo kila mzazi mwenye kijana nyumbani: je, kuwa huru ni kutoshikwa na chochote?

Wengi wetu hudhani kuwa chombo kikishafika juu huwa kimeokoka na mvuto wa ardhi, ndiyo maana hakianguki. La, sivyo. Uhuru ilizunguka kwenye kimo cha kilomita mia tano na kidogo, na huko mvuto ni kiasi cha asilimia 85 ya huu unaotuangushia nazi zetu. Kilikuwa kikivutwa, na kwa hakika kilikuwa kikianguka, usiku na mchana.

Mbona basi hakikufika chini? Mwingereza Isaac Newton alitoa mfano uliochapishwa mwaka 1728, baada ya kufa kwake. Simama juu ya mlima mrefu uvurumishe kitu mbele sawasawa. Kitakwenda kidogo kianguke; ukizidisha nguvu kitaangukia mbali zaidi. Sasa angalia hesabu. Kila kitu kikiachiwa hushuka kiasi cha mita 5 katika sekunde ya kwanza. Na ardhi, kwa kuwa ni mviringo, ukienda kilomita 8 huwa imeinama mita hizo hizo 5. Basi kitu kiendacho kilomita 8 kwa sekunde, na hewa isikizuie, kitashuka mita zake 5 na kuikuta ardhi nayo imeinama mita 5. Masafa ni yale yale. Sekunde ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Kinaanguka, wala hakifiki.

Kijana hutuambia, "Niacheni, nataka kuwa huru." Haya, tumkubalie, tuuondoe mvuto. Chombo kingeshika njia moja iliyonyooka na kwenda zake gizani, asiwepo hata mtu wa kupokea habari zake. Mimi hali hiyo siwezi kuiita uhuru, naiita upotevu.

Lakini sisi wazee tusifurahi mapema. Tuubakishe mvuto, tuuondoe mwendo: chombo kitashuka wima na kuangamia. Mzazi amshikaye mwanawe asimwachie mwendo wake mwenyewe, masomo aliyoyapenda, kazi anayoiweza, mke aliyemridhia, huyo hamlindi, anamwangusha. Na kuna jambo moja napenda ulifikiri. Faida mojawapo ya kurushia karibu na ikweta ni kwamba hapo ardhi, kwa kuzunguka kwake, hukipa chombo msukumo wa bure wa kiasi cha mita 465 kwa sekunde. Ardhi ile ile ivutayo ndiyo itangulizayo kusukuma. Wangapi miongoni mwetu tumevuta tu, ilhali hatukupata kusukuma?

Najua mfano una kikomo chake. Chombo hakina nia wala hakiulizwi kwa nini kilikwenda huku na si kule; mwanadamu huulizwa.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973, ikawapa wataalamu orodha ya mamia ya vyanzo vya miale ile. Kisha ikanyamaza, ikawa inazunguka tu, kila dakika 95 hivi, bila ya kusema na mtu. Hata kwenye kimo kile mna hewa, nyembamba mno, nayo ilikuwa ikiigusa katika kila mzunguko na kuishusha kidogo, kidogo ambacho kwa siku moja usingekitambua. Hapana kilichoipiga. Mwezi wa Aprili 1979 ikaingia katika hewa nzito, ikateketea.