Pole na kazi, gyebale ko

Viatu vyangu vya kukimbilia ni vya mtumba. Nilivinunua soko la Owino, hapa Kampala, na soli zake zilikuwa mpya kabisa; nashuku Mzungu aliyevitangulia naye alikuwa mtu wa kuahidi tu. Nikavirithi pamoja na tabia yake. Miezi mitano vilikaa chini ya kitanda, buibui akifuma humo kwa raha zake.

Sababu ninayo. Natoka ofisini Nakasero saa kumi na moja na nusu, napanda taksi ya Kisaasi, hizi ambazo jirani zetu wa Nairobi huziita matatu. Ikishajaa watu wake 14, inakwenda kusimama kwenye foleni ya Mulago kama mtu aliyesahau alichofuata. Na Kampala haina jioni ndefu. Tuko jirani na ikweta; saa moja na nusu giza limeshaingia, iwe Januari au Julai. Nikifika nyumbani mgongo unauma, kichwa kizito, watoto wananingoja na madaftari. Mke wangu ananiambia, "Pole na kazi," nami naipokea pole hiyo kama cheti cha daktari: mgonjwa apumzike. (Naye katoka kazini, na jiko linamsubiri. Pole yake sijui anapewa na nani.)

Kilichonikera ni takwimu moja. Septemba 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti wa wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, uliolinganisha nchi 168. Uganda ndiyo iliyokuwa na watu wachache kuliko zote wasioushughulisha mwili vya kutosha: asilimia 5.5 ya watu wazima. Kuwait walikuwa 67. Miezi miwili tu kabla ya hapo, Julai, serikali yetu ilikuwa imezindua Siku ya Kitaifa ya Mazoezi. Nilicheka. Nchi iliyoongoza dunia kwa kutokwa jasho inatengewa siku ya kukumbushwa jasho! Kisha nikaelewa kwamba siku ile ilitengwa kwa ajili yangu. Sifa ya Uganda imeletwa na wenye jembe, na anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya matoke mlimani, na mama anayechota maji. Mimi nimo katika ile tano na nusu, na najidai nimechoka kuliko wao.

Jioni moja foleni iliganda mbele ya Makumbusho ya Uganda, barabara ya Kira. Nikashuka. Nisijisifu: nilishuka kwa hasira, afya haikuwa akilini. Nikapita Kamwokya, nikaufuata mteremko na mpando mpaka Bukoto, na hapo penye muuza rolex anayezungusha chapati zake na mayai nikagundua mgongo umeniachia. Kichwa nacho kilikuwa chepesi. Miguu ndiyo iliyonishangaza: haikuwa na habari yoyote ya uchovu wangu. Ingejuaje? Mchana kutwa ilikuwa chini ya meza. Vilivyochoka ni macho, na shingo, na ile sehemu ya moyo inayowavumilia wakubwa wa kazi. Vyote hivyo tunaviita uchovu, neno lilelile tunalompa mchukuzi aliyepakua magunia tangu alfajiri, na mimi nimelitumia jina la mchukuzi kujipatia kochi.

Hamu ya mazoezi, basi, sikuwahi kuipata nikiwa nimekaa. Ilinikuta njiani, Bukoto, bila kuitwa. Siku hizi nashuka pale Makumbusho mara tatu kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki, na tangu mwaka 2020 limeacha lile sharti la zamani kwamba zoezi lisipungue dakika kumi mfululizo. Hata kidogo kinahesabiwa. Aliyekesha na mtoto mgonjwa, au askari wa geti aliyeunganisha zamu mbili, huyo simhubirii. Alale.

Jumamosi, viatu vya Mzungu vinatoka. Wiki iliyopita nilikuwa nahema kwenye kilima karibu na kwetu, bibi mmoja aliyekuwa bombani akaniita, "Gyebale ko, ssebo." Kiswahili humpa pole aliyefanya kazi, Kiganda humshukuru. Nikaona haya kushukuriwa.

"Jjajja, hii si kazi."

"Unakimbilia wapi?"

"Sikimbilii popote. Nakwenda kisha narudi."

Alinitazama kwa muda, akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi kama unakwenda na kurudi tu," akasema, "nibebee dumu hili."

Lilikuwa la lita 20. Mpaka barazani kwake nilipumzika mara mbili. Yeye alinifuata nyuma, la pili likiwa kichwani, akinishukuru kila niliposimama.