Usiizime Kwanza

Kijana aliyeshika saiba moja ya Ukunda alitaka kujifunza Python wateja wakiwa wachache. Akaisakinisha kwenye kompyuta ya kaunta, ile inayochapisha, maana ndiyo yenye kasi. Alipoita python na mashine isiitike, akafuata maelekezo ya video: fungua dirisha jeusi la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika setx PATH, weka anwani ya folda, malizia na /M. Kompyuta ikajibu SUCCESS.

Jibu hilo limeponza wengi. Setx haiongezi kitu kwenye kilichopo. Inafuta na kuandika upya. PATH ni orodha ya folda ambazo Windows huzipitia ikitafuta programu iliyotajwa kwa jina tu. Sasa orodha ya mfumo ilibaki na anwani moja, ya Python. Kijana akafungua dirisha la pili kujaribu: python ikaitika, akafurahi. Akaandika ping aone kama intaneti ipo, akaambiwa amri hiyo haijulikani. Ipconfig, vivyo hivyo.

Mama mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi akingoja kuchapishiwa fomu. Kijana akashika panya azime na kuwasha, dawa ya kila ugonjwa saiba. Bahati yake, alimpigia kwanza mjomba wake, fundi wa kompyuta Msambweni.

"Lile dirisha la kwanza umelifunga?"

"Bado liko, mjomba."

"Basi usilifunge. Wala usizime mashine, mwanangu. Mimi ningeogopa hata stima."

Hofu ya stima ilikuwa na sababu: betri ya UPS pale ilishakufa, na umeme ulikuwa umepotea na kurudi asubuhi ile ile. Lakini kwa nini dirisha? Kwa sababu programu inapoanza hupewa nakala yake ya vigezo kama PATH, na nakala hiyo haibadiliki kwa kuwa tu umebadilisha kilichohifadhiwa kwenye mfumo. Utaratibu huo ni wa zamani. Unix ya toleo la 7, ya mwaka 1979, ilikuwa nao. Dirisha la kwanza lilikuwa bado linaijua orodha ya kale. Kuzima kungeliua pamoja na nakala yake.

Mjomba akamwambia aandike path humo, neno hilo peke yake. Mistari ikamiminika, folda zikitenganishwa kwa nukta-mkato. Akainakili yote, akaibandika kwenye Notepad, akaihifadhi. Hapo wengi huharakisha na kuirudisha yote kama ilivyo. Mjomba hakukubali: kinachoonekana pale ni orodha mbili zilizounganishwa, ya mfumo na ya mtumiaji. Zinazoanza na C:\Users kwa kawaida ni za mtumiaji, na hizo hazikuguswa. Zilizobaki kijana akazirudisha kwa mkono kupitia dirisha la mipangilio, ambalo kwenye Windows 10 huonyesha kila folda kwenye mstari wake. Setx mjomba hakumruhusu tena, hata kwa kuongeza: maandishi yakizidi herufi 1024 huyakata.

Asingekuwa na dirisha la zamani, angeweza kutumia Process Explorer kusoma vigezo vya programu nyingine iliyofunguliwa kabla ya kosa. Hilo nalo likishindikana, angeanza na C:\Windows\system32, C:\Windows, kisha Wbem na folda ya PowerShell zilizomo ndani ya system32. Nyingine angezitafuta moja moja kadiri programu zinavyolalamika.

Dirisha jipya likafunguliwa. Ping ikaitika, python pia. Mama akapata fomu yake.

"Ile orodha ya Notepad umeiweka wapi?" mjomba akauliza.

"Kwa desktop, mjomba."

"Ya kompyuta hiyo hiyo?"

Kijana akaanza kupekua droo akitafuta flashi.