Hesabu ya Mchangani

Chombo kinaporudi Koyama, Chovai au Chula, visiwa vya Wabajuni kusini mwa Somalia, wanaongoja ufukweni hawaanzi kwa samaki. Macho yao hupita kwanza kwenye nyuso: nahodha yupo, mabaharia wapo, yule kijana aliyetoka kwa mara ya kwanza yupo. Nyoyo zikishatua, ndipo yanapokuja mafungu: la chombo, la nahodha, la kila baharia.

Huko Bethesda, Marekani, kuna hesabu ya namna nyingine. Kampuni ya Lockheed Martin, inayounda ndege za kivita, makombora na vyombo vya anga za juu, hufunga vitabu kila miezi mitatu. Hutangaza mauzo, faida, gawio la kila hisa na thamani ya oda ambazo hazijakamilika. Mauzo yake ya mwaka 2006 yalifika dola bilioni 39.6; ya mwaka 2024, bilioni 71. Mnunuzi wake mkubwa ni serikali ya Marekani.

Hesabu hizi mbili zilikaribiana mwanzoni mwa Januari 2007. Ndege ya AC-130 ya jeshi la Marekani ilishambulia karibu na Ras Kamboni, kwenye pwani hiyohiyo ya Somalia, jirani na mpaka wa Kenya. AC-130 ni Hercules, ndege ya mizigo iliyoundwa na Lockheed, iliyogeuzwa kuwa ya mizinga. Marekani ilisema inawasaka waliohusika na mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam ya 7 Agosti 1998, yaliyoua watu zaidi ya 200. Fazul Abdullah Mohammed, aliyesakwa kuliko wote, hakupatikana. Aliuawa Juni 2011 mjini Mogadishu, kwa risasi za askari wa Kisomali kwenye kizuizi cha barabarani.

Januari ileile kampuni ilitoa matokeo ya robo ya mwisho ya 2006. Ras Kamboni haikuwemo, na kwa kanuni za uhasibu haikupaswa kuwemo: ndege ilikwisha kuuzwa zamani.

Hapo ndipo fikira zangu zinapokwama. Sisemi kwamba vitabu vile ni vya uongo. Vinakaguliwa, na tarakimu zake hujumlika. Wala simsahau mzazi wa Nairobi aliyezika mwanawe mwaka 1998; ana haki ya kutaka wauaji washikwe. Lakini daftari linalofungwa silaha ikishakabidhiwa huacha ukurasa mzima mtupu. Ni nani atakayemwandika humo mvuvi anayejiuliza usiku kama karabai yake, ikitazamwa kutoka juu, itaonekana kuwa taa ya mvuvi?

Wabajuni wanaujua ukurasa huo tangu zamani. Serikali ya Siad Barre nchini Somalia ilipoanguka mwaka 1991 na bunduki zikatawala, wengi walipanda majahazi wakakimbilia Kenya, wakaacha nyumba, minazi na makaburi ya wazee wao. Bunduki zile zilitoka mahali, na aliyeziuza aliandika bei yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Watu nao ni vivyo hivyo. Mwenye hisa ana haki ya kujua fungu lake. Ninachomwomba ni kwamba, kabla hajalipokea, aulize kama wanavyouliza mchangani: je, watu wamerudi wote?