Kipimo cha Hasara ya Kazi

Hasara ni neno la sokoni kabla ya kuwa neno la moyoni. Mchuuzi aliyenunua gunia kwa bei ya juu akaliuza kwa bei ya chini huijua hasara yake kabla jua halijachwa. Mtu aliyepoteza kazi hana wepesi huo. Hajui kama kilichompotea ni mshahara wa mwezi, wa mwaka, au wa umri wake uliosalia. Wala hajui kama mshahara ndio kitu pekee kilichopotea. Kiasi gani kimepotea ni swali la hesabu. Kitu gani kihesabiwe, na nani aachwe nje ya daftari, ni swali la haki.

Nchi iliyo kati ya Handeni na Korogwe, katika mkoa wa Tanga, ina mafunzo mengi mintarafu jambo hili. Mkonge uliletwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893, ukastawi hata ukawa nguzo ya biashara ya nchi. Mwaka 1964 mavuno yalizidi tani 230,000. Magunga, Ngombezi na Hale upande wa Korogwe, na Kabuku upande wa Handeni, maisha ya maelfu ya watu yaliizunguka korona, mtambo wa kusaga majani na kutoa nyuzi. Kisha bei ikaanguka, kwa sababu kamba za plastiki zilipatikana kwa fedha kidogo zaidi. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, yakarudi mikononi mwa watu binafsi katika miaka ya 1990, lakini hayakuirudia hali yake ya kwanza. Mwishoni mwa miaka hiyo mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 30,000. Nyuma ya tani zilizopungua palikuwa na mikono iliyopewa mapumziko isiyoyaomba.

Sheria ina kipimo chake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi aliyeachishwa pasipo kosa lake kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka mzima wa utumishi, lakini miaka inayohesabiwa haizidi 10. Basi aliyekata mkonge miaka 10 na aliyeukata miaka 25 huweza kuondoka na mshahara wa siku 70 sawasawa. Siku 70 si kitu cha kudharauliwa na mwenye njaa. Na kila kipimo hakina budi kukoma mahali. Walakini kukoma kwa kipimo si kukoma kwa kitu kinachopimwa. Huko Pennsylvania, Marekani, uchunguzi wa Louis Jacobson, Robert LaLonde na Daniel Sullivan uliotolewa mwaka 1993 ulionyesha kwamba wafanyakazi wa siku nyingi walioachishwa na makampuni yaliyodhoofika waliendelea, miaka kadhaa baadaye, kupata pungufu ya takriban robo ya kipato ambacho wangalikipata. Kazi ya pili haikuifuta hasara ya kwanza.

Na wachukuliwe kwa mfano watu wawili walioachishwa siku moja katika shamba moja la mkonge, wenye mshahara mmoja na miaka sawa ya kazi. Wa kwanza kwao ni Kwedizinga, wilaya ya Handeni. Ana ekari za mahindi na muhogo, ana mama aliye hai, na ana mjomba ambaye kwa desturi ya Wazigua neno lake ni zito katika mambo ya ukoo. Wa pili ni mwana wa manamba, mmoja wa watu walioletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge, ambao tangu mwaka 1944 waliandikishwa na ofisi ya wenye mashamba iliyojulikana kwa jina la SILABU. Amezaliwa kambini, nyumba anayolala ni ya shamba, na kijiji cha baba yake hakijui ila kwa masimulizi. Daftari la mwajiri huwaandikia wawili hawa hasara moja. Lakini mmoja amepoteza kazi. Mwingine amepoteza kazi, nyumba, jirani na anwani.

Mwanauchumi atasema kwamba tofauti hii inapimika. Hasara ya kweli, atasema, ni mshahara uliokoma baada ya kutoa kile ambacho mtu aweza kukipata kwingine. Mwenye shamba Kwedizinga atatolewa thamani ya mahindi yake, na hasara yake itaonekana ndogo. Mwana wa manamba hatatolewa kitu, na hasara yake itaonekana kubwa. Hesabu hii ina busara, kwa kuwa inatazama kilichobaki pamoja na kilichoondoka.

Hata hivyo ina kasoro moja, nayo ni kubwa. Mahindi ya Kwedizinga hayakujilima. Mwanamume alipokuwa shambani kwa mwajiri, mkewe na mama yake walikuwa shambani kwao. Katika enzi ya ukoloni mishahara ya mashamba makubwa ya Afrika Mashariki ilikadiriwa kama kwamba kila mfanyakazi ni kapera, na kwamba jamaa zake watajilisha kijijini. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter huko Kenya ilipendekeza mshahara utoshao kulea jamaa, ushahidi kwamba uliokuwapo haukutosha. Basi jasho la wanawake lilitumika kwanza kuupunguza mshahara, kisha, kazi ilipokwisha, likatumika tena kuipunguza hasara. Kitu kimoja kimetolewa mara mbili, na mwenye nacho hakulipwa hata mara moja. Tena shamba lenyewe hutegemea mvua, na Handeni huujua ukame. Aliyeitwa mwenye akiba huenda ana jembe tu.

Wapo watakaosema kwamba heshima ya mtu haipimwi, na kwamba kuitia katika tarakimu ni kuidhalilisha. Wahenga walisema kazi mbi si mchezo mwema, na maana yake inathibitika mbali na Tanga. Huko Marienthal, Austria, kiwanda cha nguo kilipofungwa, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikichunguza kijiji hicho, wakatoa kitabu mwaka 1933. Waliona watu wakiazima vitabu vichache kuliko zamani, ingawa muda wa kusoma uliongezeka. Walipima hata mwendo wa wanaume njiani, wakauona umepungua kasi. Waliyahesabu mambo ya moyo kwa alama zake za nje, wala hawakumdhalilisha mtu. Walimtetea, kwa sababu kisichoandikwa hakidaiwi.

Kwa hiyo kosa haliko katika kupima, bali katika kupima nusu na kuiita nzima. Daftari la haki lingeandika miaka yote, wala si 10 tu. Nyumba iliyofungamana na kazi. Na jembe la mama lililomlisha mwajiri bila yeye kujua. Pengine hakuna mwajiri awezaye kulipa jumla hiyo yote. Lakini deni lisilolipika ni tofauti na deni lisilokuwapo, na anayempa mtu siku 70 amepunguza deni; hajalimaliza.